Tukihesabu madaktari, tunahesabu nini hasa? Uzi kutoka Lamu

Mwana wa Mkomani (mleta uzi)

Asalaam aleikum wanabaraza. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aurudie usiku.

Kila madaktari wakigoma, na kila bajeti ya kaunti ikisomwa, nasikia maneno haya: "Shirika la Afya Duniani linataka daktari mmoja kwa kila watu 1,000, na Kenya hatujafika." Wanaoyasema wana nia njema, nami niliyasema miaka mingi. Lakini shirika hilo halikuweka kipimo cha madaktari peke yao. Liliweka kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga wakijumlishwa: mwaka 2006 kilikuwa 2.28 kwa kila watu 1,000, na 2016 kikapandishwa hadi 4.45. Tofauti hii si ndogo. Maneno tuliyoyazoea yanamhesabu mtu mmoja. Kipimo chenyewe kinahesabu kikosi.

Sasa niwaambie kilichonifikisha huku. Mamangu ana presha na sukari, mwaka wa tisa huu. Kitabu chake cha kliniki ni cha nne. Mwezi uliopita nilikaa naye ukumbini nikavifungua vyote, nikahesabu miandiko. Katika mwaka mmoja tu nilipata miandiko saba. Mmoja alimpandishia dawa ya presha. Wiki tano baadaye mwingine, ambaye kitabu cha zamani hakukiona, akamwongezea dawa ya pili ya kazi ile ile. Mama akainuka alfajiri kwenda kutawadha, akaona giza, akaanguka. Alhamdulillahi hakuvunjika. Hospitali sitaitaja, na sina ugomvi na waliomtibu, maana kila mmoja alisoma karatasi iliyokuwa mbele yake. Mama mwenyewe aliyafupisha: "Mwanangu, kila nendapo yuwanianza upya."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitia kwenye takwimu. Kenya tuna madaktari kama 2 kwa kila watu 10,000. Tanzania wako chini yetu. Kwa idadi hiyo hiyo ya watu, Uingereza wana kama 30, Italia kama 40, Ujerumani kama 45, na Kuba kama 80. Nikaichukua sensa ya 2019, iliyotuhesabu Lamu nzima watu 143,920, nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Mgao wa Kenya ungekuwa sawa kila mahali, kaunti yetu ingekuwa na madaktari 29. Kwa mgao wa Uingereza wangekuwa 430. Kwa wa Italia 575. Kwa wa Kuba 1,150.

Usiku wa kwanza hesabu hiyo ilininyima usingizi. Usiku wa pili nikaanza kuitilia shaka.

Nani kahesabiwa? Ugiriki huonekana juu kabisa katika majedwali ya Ulaya, lakini wao huhesabu kila mwenye leseni, hata asiyetibu mtu. Ureno ni hivyo hivyo. Nchi nyingine huhesabu walio kazini tu. Kisha ukaziweka zote kwenye jedwali moja, kana kwamba wote wamepima kwa kibaba kimoja. Na daftari la usajili popote pale lina majina ya waliohama, waliostaafu na walioingia ofisini wasitoke. Huku kwetu pia kuna upande wa pili wa kosa hilo: wanaotutibu wengi hawamo kabisa katika jedwali. Nenda zahanati yoyote ya visiwani. Utakayemkuta ni muuguzi au tabibu (tabibu ni yule aliyesomea diploma, watu humwita "daktari" kwa heshima). Kwenye safu ya madaktari, huyo ni sifuri.

Na wanafanya nini hao waliohesabiwa? Hapa ndipo nilipokaa zaidi. Kanada, karibu nusu ya madaktari wote ni madaktari wa familia. Marekani, nchi tajiri kuliko zote, ni kama mmoja kati ya wanane. Wengine ni mabingwa wa moyo, wa mifupa, wa ngozi. Ugiriki pamoja na wingi wao wote, madaktari wa familia ni wachache mno. Kwa hiyo nchi mbili zinaweza kuwa na idadi moja ya madaktari, na mgonjwa wa presha akaishi maisha mawili tofauti kabisa.

Uingereza, daktari wa familia ana orodha ya watu. Si orodha ya wagonjwa, ni ya watu, wazima na wagonjwa. Ukihamia mtaa unajiandikisha katika kituo cha mtaa huo, faili lako linahamia huko, na kituo kinalipwa kwa vichwa vilivyoandikwa. Kwa sasa England kila daktari wa familia wa saa kamili za kazi ana wastani wa watu kama 2,300. Ukitaka kumwona bingwa, huanza kwake. Na si kazi ya mwanafunzi aliyemaliza jana: ana shahada ya miaka mitano au zaidi, miwili ya mazoezi hospitalini, kisha mitatu ya kusomea kazi hiyo hiyo ya udaktari wa familia.

Kwetu "daktari wa jumla" ni nani? Ni kijana aliyetoka kwenye mafunzo ya vitendo, akapangiwa kaunti, na kila mtu, yeye mwenyewe akiwamo, anajua yuko njiani kwenda kusomea ubingwa. Kwetu ujumla ni kituo cha kupita. Kwa wenzetu ni kazi ya maisha. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha udaktari wa familia mwaka 2005, na vyuo vingine vikafuata, lakini muulize jirani yako kama amewahi kutibiwa na mmoja wao.

Ndiyo maana miandiko ni saba.

Basi nawauliza. Tukipewa kesho madaktari 30 zaidi, mngetaka wafanye nini, na wakae wapi? Nataka jibu la mtu aliyevuka maji akiwa na mgonjwa, na la mtu anayetibu. Wanasiasa tumewasikia.

---

Bi Kisima

Wa aleikum salaam kaka. Mimi niko Malindi, Shella yetu, si Shela yenu.

Nimefanya kazi miaka kumi na mmoja kwa mama mmoja Mtaliano mzee, namwangalia nyumba na dawa zake. Huyo alikuwa na daktari kwao, wanamwita *medico di base*, na alikuwa naye tangu watoto wake wadogo. Akipata kichefuchefu hapa Malindi alikuwa akimpigia simu. Daktari hamwulizi "una miaka mingapi". Anamwuliza, "Umeanza tena kunywa ile dawa niliyokukataza?" Nilikuwa nikisimama pale na sahani mkononi nashangaa. Mtu yuko bara lingine na anajua kilichomo kwenye kabati letu.

Alinieleza kwamba tangu mwaka 1978 walipoanzisha huduma yao ya afya ya taifa, kila mtu huchagua daktari wake na jina lake huandikwa kwake, na daktari mmoja kwa kawaida hawekewi zaidi ya watu 1,500. Mtoto anaandikiwa daktari wa watoto. Kumwona hulipi.

Lakini nisiwapambie. Miaka ya mwisho yule mama alikuwa analia. Daktari wake alistaafu, vijana hawaitaki kazi hiyo, vijiji vya milimani vikabaki na orodha zisizo na mtu. Mkoa wa Calabria, kusini kwao, mwisho wa 2022 ulianza kupokea madaktari kutoka Kuba kujaza hospitali zake. Italia hiyo, yenye madaktari 40 kwa watu 10,000! Kwa hiyo wingi hautoshi. Mtu anaweza kuwa na gunia la mchele na watoto wakalala njaa kama hakuna wa kupika.

Hesabu yako umeiachia njiani, kaka. Watu 143,920 ukiwagawa kwa 1,500, Lamu yahitaji madaktari wa familia 96. Kwa orodha za England ni 63. Si 575. Idadi hiyo mtu anaweza kuishika mkononi.

---

Mpiga Makasia

Nimesoma yote, na mtaniwia radhi, naona mnazungumzia mapambo.

Daktari wa kujua jina la mamako ni jambo jema. Mimi mke wangu alishikwa na uchungu kisiwani Pate, usiku, mwezi wa sita, Kusi limechachamaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Muuguzi alijua, akatuambia mapema, Mungu amlipe, na akasema hapa hakuna wa kupasua. Tukatafuta boti. Nahodha wa kwanza alikataa bahari ile, na sikumlaumu. Wa pili alikubali, lakini maji yalikuwa yamekupwa na Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki, tukangoja. Mlijua hilo? Mtu ana uchungu na mnangoja maji yajae.

Mke wangu yupo, alhamdulillahi. Mtoto hatukumpata.

Usiku ule sikuhitaji mtu wa kunifahamu. Nilihitaji mtu wa kupasua na mtu wa kutia dawa ya usingizi, upande wetu wa maji. Hao 96 wa Bi Kisima wakiwa wote ni wa kuandika presha kwenye vitabu, sisi wa visiwani bado tutangoja maji.

---

Mwana wa Mkomani

Mungu akupeni subira wewe na mama wa nyumba, ami. Sikuyaona kama mapambo, lakini nakubali kwamba niliandika kama mtu wa mji anayefika hospitali kwa miguu. Naomba matabibu waliomo humu walijibu hili. Mimi sina haki ya kulijibu.

---

Tabibu wa Visiwani

Nilikuwa nasoma kimya kimya. Mimi ni tabibu, miaka mitatu ya diploma na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo. Niko visiwani mwaka wa kumi na mbili. Madaktari waliokuja na kuondoka katika muda huo nimewahesabu, ni tisa. Wengi walikuwa wazuri sana. Mmoja alinifundisha kusoma picha ya moyo kwa mshumaa, umeme ulipokatika wiki nzima. Wote waliondoka kwa sababu zile zile: masomo, mke au mume aliye mbali, watoto na shule.

Mleta uzi, umesema kweli kwamba mimi ni sifuri kwenye jedwali. Naijua presha ya kila mzee wa kijiji hiki. Najua nani hunywa dawa na nani huiweka chini ya godoro. Kwa hiyo mkiuliza kama daktari wa familia aweza kupatikana Lamu, ile nusu ya kazi inayohusu kukaa na kujua watu, imeshaanza kufanywa na watu wa diploma na wauguzi. Nusu ya pili ndiyo inayotuelemea. Kuna mgonjwa wa sukari ambaye figo zimeanza kuchoka, na dawa zake zinapigana. Hapo elimu yangu inafika ukingoni, nami najua ukingo ulipo. Natamani daktari wa familia mmoja, mmoja tu, wa kupita vituo vyetu vinne kila wiki mbili, mtu yule yule, ninayeweza kumpigia simu saa nne usiku.

Sasa kwa Mpiga Makasia. Ndugu yangu, maneno yako yameniuma kwa sababu nimekuwa ndani ya usiku kama ule, upande wa pili wa kitanda. Nikwambie kinachofanyika kwingine. Tanzania, tangu 1963, madaktari wasaidizi, ambao walianza kama matabibu wakaongezewa masomo, wamekuwa wakipasua wazazi. Utafiti uliofanywa Mwanza na Kigoma, ukatolewa 2009, haukuona tofauti ya maana kati ya wazazi waliopasuliwa na hao na waliopasuliwa na madaktari. Msumbiji walianza kuwafundisha mafundi wao wa upasuaji mwaka 1984, katikati ya vita, wakawapeleka wilayani, na wengi wao walibaki wilayani. Malawi sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi hufanywa na matabibu. Hapa Kenya kuna matabibu waliosomea dawa ya usingizi na afya ya uzazi. Kwa hiyo mtu wa kukaa upande wenu wa maji si lazima awe daktari. Lazima awe amefundishwa, awe na chumba cha upasuaji chenye umeme wa kuaminika na damu, na awe na mwenzake wa zamu. Mtu mmoja peke yake hatoshi, maana naye hulala na huugua.

Ukiniuliza hao 30 waende wapi, nitasema kumi tu wawe madaktari. Pesa za wale ishirini, ajirini nazo kikosi.

---

Daktari Bila Kituo

Niruhusuni nami. Nilizaliwa Malindi, nilisoma shahada ya udaktari miaka sita, nikamaliza mafunzo ya vitendo. Sina kazi ya kudumu. Nafanya zamu za kuokoteza katika zahanati za watu binafsi.

Mnapozungumzia upungufu wa madaktari, mimi ni huo upungufu, nimekaa nyumbani kwa mamangu. Nchi yenye madaktari 2 kwa watu 10,000 ina madaktari wasio na ajira, na hili si fumbo. Tangu kaunti zilipoanza kazi 2013 chini ya katiba ya 2010, afya kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa kaunti, na kanuni zinaitaka kaunti isizidishe asilimia 35 ya mapato yake kwenye mishahara. Kaunti nyingi zilishapita hapo. Kwa hiyo kitanda kipo, mgonjwa yupo, daktari yupo, na nafasi ya kazi hakuna.

Mgomo wa siku 100 ulioisha Machi 2017, watu walidhani ni wa pesa tu. Ulikuwa juu ya mkataba uliotiwa saini 2013 na kuachwa kabatini. Ule wa 2024 wa siku 56, ugomvi mkubwa ulikuwa wanafunzi wa vitendo: mkataba ulisema zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, serikali ikasema 70,000. Mwenye kulaumu madaktari wanaohama asome kwanza hilo.

Na nitajibu swali la uzi kwa ukweli. Ningepangiwa kisiwani, ningekwenda. Lakini niambieni nitakaa miaka mingapi, nikitoka nani ataingia, na kama miaka hiyo itahesabiwa nikitaka kusomea udaktari wa familia. Anayekwenda kisiwani leo anahisi amesahauliwa. Ndiyo maana hukimbia.

---

Nesi wa Leeds

Mimi mtoto wa Langoni, niko Leeds, Uingereza, mwaka wa saba. Naona mnakaribia kuifanya Uingereza pepo, nami naishi humo.

Orodha ipo, kweli. Lakini asubuhi saa mbili kamili simu za kituo zinafunguliwa, na saa mbili na robo nafasi za siku zimekwisha. Watu wengi siku hizi hawamwoni daktari yule yule mara mbili. Vituo vikubwa vinameza vidogo. Miandiko saba ya mama yako, kaka, huku imekuwa skrini saba.

Na wenyewe walilijua tatizo zamani. Mwaka 1971 daktari wa familia aitwaye Julian Tudor Hart, aliyetibu katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika katika jarida la Lancet kwamba matibabu mazuri huelekea kupungua pale pale mahitaji yanapozidi. Aliiita sheria ya matunzo iliyopinduka. Aliandika juu ya Wales, nami nikiisoma naiona Kiunga na msitu wa Boni. Na yeye hakuishia kuandika. Alikaa Glyncorrwg miaka mingi, akapima presha ya kijiji kizima, hata ya wasiojisikia wagonjwa.

Kuhusu kuondoka kwetu. Mwaka 2010 nchi zilikubaliana kanuni za kutonyang'anyana wahudumu wa afya, na 2021 Kenya na Uingereza zikatia saini mkataba wa wauguzi kuja kufanya kazi huku. Mimi nilisomeshwa na kodi yenu. Kila Ramadhani ninapowatumia nyumbani pesa, najua kuna wodi iliyokosa mikono yangu. Sijui kuyatenganisha hayo mawili.

---

Kijana wa Mokowe

Mbona hamuwataji Wakuba? Walikuja hapa 2018. Ikiwa wao wana 80 hivi, tungeendelea nao tu.

---

Mwana wa Mkomani

Swali zuri, na lilinichukua wiki nzima.

Madaktari 100 wa Kuba walifika Kenya Juni 2018 wakagawiwa kaunti. Miongoni mwao walikuwamo mabingwa, na kaunti za mbali zilipata mabingwa ambao hazikuwahi kuwa nao. Madaktari wetu wasio na kazi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Wawili kati ya Wakuba walitekwa nyara Mandera Aprili 2019. Oktoba 2023 serikali ikatangaza haitauendeleza mkataba.

Lakini kuna sehemu ya mkataba ule ambayo watu wameisahau, nami naiona ndiyo ilikuwa moyo wake. Kenya nayo ilipeleka madaktari 50 Kuba, na walikwenda kusomea udaktari wa familia. Ina maana aliyeuandika alijua shida iko wapi.

Wingi wa Kuba hauelezeki bila hilo. Mwaka 1984 walianza mpango wa kumweka daktari na muuguzi katikati ya mtaa. Kliniki iko chini, daktari anaishi ghorofa ya juu, au nyumba ya pili. Mchana anatoka kuwatembelea watu majumbani, wazima na wagonjwa, ana daftari la kila nyumba. Sisemi kwao hakuna shida. Mishahara ni midogo mno, dawa hupungua, na nchi hupeleka madaktari wengi nje kutafuta fedha za kigeni hadi wananchi wenyewe hulalamika kwamba daktari wao wa mtaa hayupo. Lakini wazo la daftari la kila nyumba halihitaji utajiri. Mapromota wa afya ya jamii, wale zaidi ya 100,000 waliopewa mikoba mwaka 2023, wanatembelea nyumba hizi hizi zetu. Daftari wanalo. Nyuma yao ndipo hapana mtu.

Nimerudi pia kusoma kuhusu ile orodha, kama inaokoa maisha au ni raha ya kujuana tu. Norwei ilimpa kila mtu daktari wake wa orodha mwaka 2001. Watafiti wakafuatilia watu kama milioni 4.5. Waliokaa na daktari yule yule zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokuwa naye mwaka mmoja, walilazwa kwa dharura pungufu kwa asilimia 28, na kufariki pungufu kwa asilimia 25. Elimu ya daktari ni ile ile na dawa ni zile zile. Kilichozidi ni muda.

Na kwa Daktari Bila Kituo, aliyeuliza nani ataingia akitoka. Japani nayo ina visiwa vingi vidogo. Mwaka 1972 wakaanzisha chuo cha udaktari cha Jichi. Kila mkoa kati ya mikoa 47 huchagua wanafunzi wawili au watatu kwa mwaka, karo hailipwi, na akimaliza hurudi mkoani kwake miaka tisa, sehemu yake kubwa vijijini na visiwani. Anapoingia mmoja, mwingine yuko darasani. Kisiwa kinajua anayekuja ni nani tangu akiwa mwaka wa kwanza. Kaunti yetu hutoa basari kila mwaka. Ni vijana wangapi wa Faza, Siyu, Kiunga na Witu wamelipiwa udaktari, utabibu na uuguzi kwa mkataba wa kurudi, na nafasi ya kazi ikiwa imeshaandikwa kwenye bajeti?

Hilo nataka kulipeleka kikao cha maoni ya bajeti. Nimeanza kuandika maswali, moja moja, kwa lugha ya kueleweka. La kwanza ni la mamangu: kwa nini kila mgonjwa wa presha na sukari asiandikwe kwa tabibu mmoja au daktari mmoja mwenye jina, na faili likabaki hapo hata mtu akihamishwa? Kwa sasa nimemwandikia mama karatasi moja ya dawa zote na tarehe, nimeigundisha ndani ya jalada la kitabu. Aliyemwona wiki jana aliisoma kabla ya kuandika. Ulikuwa mwandiko wa nane, lakini hakumwanza upya.

Ongezeni yenu.

---

Tabibu wa Visiwani

Ongeza: daktari wa familia mmoja wa kuzunguka vituo vya kisiwa, mtu yule yule kwa miaka isiyopungua mitatu, na boti lake liwe na mafuta yaliyotengewa pesa.

---

Daktari Bila Kituo

Ongeza: nafasi za kazi zitangazwe pamoja na muda wa kukaa, na miaka ya kisiwani ihesabiwe kwenye masomo. Ukipata tarehe ya kikao nijulishe, nitapanda basi la alfajiri kutoka Malindi.

---

Bi Kisima

Mimi naongeza karatasi ya dawa kama ile ya mama, ichapishwe kwa Kiswahili, igawiwe kliniki zote. Gharama yake ni karatasi.

---

Mpiga Makasia

Andika na langu. Usiku, Kusi likivuma na maji yakikupwa, ni nani aliye upande wetu wa Mkanda mwenye kisu, dawa ya usingizi na damu? Waulize kwa jina la mtu na siku za zamu. Liandike hivyo hivyo, usilipunguze.

---

Mwana wa Mkomani

Nimeliweka la kwanza, ami. La mamangu limekuwa la pili.